Barua ya wazi kwa wakuu wetu: msituadhibu kwa kompyuta mlizotupatia wenyewe

Kwenu Wakuu wa Taasisi za Umma, Wakuu wa Utumishi na Wakuu wa Vitengo vya TEHAMA,

Waheshimiwa,

YAH: KANUNI ZA MATUMIZI YA KOMPYUTA NA MTANDAO WA KAZINI

Shikamooni kwa mnaostahili, na salamu kwa wote. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtumishi wa umma, nimekaa masijala miaka mingi, nimeanza kazi wakati mafaili yote ni ya karatasi na nimeyaona yakihamia kwenye kompyuta moja baada ya jingine. Naandika hadharani kwasababu njia za ndani nimezimaliza. Nilianza na dokezo kwa mkuu wa kitengo changu, likarudi na neno moja tu, "limepokelewa". Nikaandika la pili kwenda TEHAMA, kimya mpaka leo. Nikasimama kwenye kikao cha watumishi nikasema kwa mdomo wangu mbele ya watu, nikaambiwa hilo ni suala la kiutawala litaletwa kikao kijacho, na hicho kikao kijacho hakijaitishwa. Sitaji taasisi wala jina la mtu. Nia yangu sio kumuaibisha mtu, na naamini wengi mtakaosoma hii mkiwa ofisi zingine kabisa mtaona kama naongelea ofisi yenu.

Kabla ya hoja naomba niwaeleze kilichotokea, maana bila hicho nisingeandika.

Pale masijala tuna kompyuta moja, watu wanne. Siku mafundi walipokuja kufunga mfumo mpya aliyekuwepo zamu ni kijana mmoja, mdogo kwetu sote, basi akaunti ikafunguliwa kwa jina lake na sisi wengine tukaambiwa "tumieni hiyo kwanza, zenu zinakuja". Hazikuja. Paswedi iliandikwa kwenye kikaratasi kikabandikwa kwa selotepu chini ya kibodi, imekaa pale hadi wino umeanza kufifia, kila mtu anaijua mpaka vijana wanaokuja kwa mafunzo ya miezi miwili. Halafu siku moja yule kijana analetewa barua ya kujieleza, kwamba faili lenye taarifa za watumishi limetumwa nje kwa imeili kutoka kwenye akaunti yake, na kumbukumbu za mfumo zinaonyesha ni 14:10, yaani saa nane na dakika kumi mchana. Sasa siku hiyo huyu kijana aliomba ruhusa akampeleka mwanae hospitali. Kitabu cha getini kipo, mlinzi ameandika kwa mkono wake kwa peni ya bluu, jina, saa saba kasoro robo, sahihi ya kijana pembeni, na hakuna mahali panaonyesha alirudi siku ile.

Alijieleza hivyohivyo. Na bado akapewa barua ya onyo, kwamba "ameshindwa kulinda neno lake la siri", na hiyo barua imeingia kwenye jalada lake. Nilimuona akiisoma. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaendelea kupokea mafaili kwa watu waliokuwa wanasubiri dirishani.

Niseme mapema kwamba sipingi kanuni. Kompyuta ya serikali ni mali ya umma na taarifa zilizomo ni za wananchi, na mimi mwenyewe nimewahi kuona mwananchi amesimama dirishani zaidi ya saa nzima, mfumo unazunguka tu haufunguki, kumbe chumba cha pili mtu anadaunlodi tamthilia. Kuna wanaobeti mtandaoni kuanzia asubuhi. Kuna waliofunga programu za ajabu mpaka kompyuta ikaloki. Hao waadhibiwe, tena bila kuoneana aibu. Ninachosema ni kwamba kanuni mliyotusainisha inatuangalia sisi wa chini peke yetu, inatuadhibu kwa mambo ambayo ofisi yenyewe ndo inatulazimisha kuyafanya, na nyie mlioiandika hamuifuati. Malalamiko yangu ni haya.

1. Paswedi za pamoja.

Kanuni inasema paswedi ni siri ya mtu mmoja. Vizuri. Sasa mnatoa akaunti moja kwa watu wanne, hiyo siri inakuwa ya nani? Kumbukumbu za mfumo zinasema akaunti gani iliingia, hazisemi ni vidole vya nani vilikuwa kwenye kibodi, na mtu wa TEHAMA anayejua kazi yake analijua hilo kuliko mimi. Na sio masijala tu. Wako maafisa wakubwa wenye mamlaka ya kuidhinisha malipo kwenye mfumo na wanaobonyeza kuidhinisha ni makatibu muhtasi wao, kwasababu bosi yuko safari au hapendi kukaa na mashine, siku hela ikipotea mfumo utasema bosi aliidhinisha na bosi atasema ni sekretari, na sote tunajua nani atabaki ameshika barua.

Halafu hili la kutulazimisha kubadilisha paswedi kila siku 30. Mnadhani mnatulinda. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishasema kwenye mwongozo wake wa mwaka 2017 kwamba watu wasilazimishwe kubadilisha paswedi kila baada ya muda fulani bila sababu, ibadilishwe pale kuna dalili kwamba imevuja. Na sababu tunaiona wenyewe kila siku, mtu akilazimishwa anaongeza namba mwishoni, mwezi huu 7 mwezi ujao 8, au anaandika kwenye karatasi. Kile kikaratasi chini ya kibodi kimezaliwa na kanuni yenu. Bora paswedi moja ndefu ambayo mtu anaikumbuka, na kila mtu na yake.

2. Vifaa vibovu na programu zisizo na leseni.

Kifungu kingine kinatukataza kufunga programu ambayo haijaidhinishwa. Sawa, lakini programu ya kuandikia barua kwenye nusu ya kompyuta zetu imekrekiwa na aliyeifunga ni fundi aliyeletwa na ofisi. Antivirusi iliisha muda, kila ukiwasha inakukumbusha, unabonyeza ondoa unaendelea. Kuna mashine zinatumia Windows 7 ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, na hata Windows 10 nayo huduma yake ya kawaida ilifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Mfumo ukiachwa hivyo, tundu la usalama likigundulika haliletewi kiraka, yaani marekebisho ya kuliziba.

Na kiraka sio mchezo. Virusi vya WannaCry vilipopiga dunia tarehe 12 Mei 2017, Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka tangu Machi mwaka huohuo, miezi miwili kabla. Waliokuwa hawajaapdeti ndo walioumia, hospitali za umma Uingereza zikaahirisha miadi na upasuaji, magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine. Na kile kirusi hakikuhitaji muuguzi afungue tovuti mbaya, kilikuwa kinahama chenyewe kutoka mashine moja kwenda nyingine kupitia mtandao. Pale kanuni ya tabia njema ya mtumishi isingesaidia kitu, kilichotakiwa ni ofisi kufanya wajibu wake wa kuapdeti. Kwenye fomu yetu hilo jukumu limeandikwa wapi? Nimeisoma kurasa zote, neno "mtumishi hataruhusiwa" limejaa, neno "taasisi itahakikisha" sikuliona hata mara moja.

Flashi nazo zimekatazwa kabisa, na nakiri hatari yake ni ya kweli, mwaka 2008 jeshi la Marekani liliingiliwa na kirusi kilichoanzia kwenye flashi moja na Novemba mwaka ule wakazipiga marufuku kwenye kompyuta zao. Ila kwetu printa pekee inayofanya kazi iko chumba cha ugavi na haijaunganishwa na mtandao. Barua ya mkuu ikitakiwa kuprintiwa inabebwa na nini? Na anayetutuma kuibeba ni mkuu mwenyewe.

3. Imeili binafsi na WhatsApp.

Hapa naomba mnivumilie kwasababu hapa ndipo inaniuma zaidi.

Kanuni inasema nyaraka za serikali zisitumwe kwa imeili binafsi wala mitandao ya kijamii. Imeili ya ofisi ina nafasi ndogo, ukipokea viambatanisho vitatu vikubwa sanduku limejaa, siku zingine haifunguki kabisa. Basi ikifika jioni simu inaita, "hebu nitumie ile ripoti WhatsApp haraka niko kwenye kikao". Unatuma. Utakataa kwa nani? Na unatuma kwa simu yako, bando lako, na ile ripoti inabaki kwenye simu yako na kwenye simu ya mkubwa na kwenye simu za watu aliowatumia, masijala haina nakala, jalada halina nakala, mwaka ukipita mtu akija kuuliza uamuzi ulifanyikaje hakuna kitu. Sisi watu wa masijala tumefundishwa kwamba karatasi isiyo na namba ya jalada ni kama haipo. Sasa shughuli nzito kabisa za ofisi zinapita kwenye kundi la WhatsApp ambalo aliyelianzisha akiamua kujitoa au simu ikiibiwa ndo imetoka hivyo.

Wenzetu kwingine hili linawafika hata wakubwa. Oktoba 2022 waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, Suella Braverman, alijiuzulu baada ya kutuma waraka wa serikali kwa mbunge mwenzake kutoka kwenye imeili yake binafsi. Kweli alirudishwa kwenye nafasi hiyohiyo siku chache baadae chini ya waziri mkuu mpya, na watu walilalamika sana, lakini angalau ilikubalika wazi kwamba kosa ni kosa hata likifanywa na waziri. Kwetu sijawahi kuona barua ya kujieleza inapanda ngazi, zote zinashuka.

4. Kufuatiliwa bila kuambiwa.

Tumesikia kwamba kuna programu inarekodi tovuti tunazofungua, wengine wanasema inapiga hadi picha ya skrini. Hakuna aliyetuambia rasmi. Nani anasoma, anasoma nini, zinatunzwa muda gani, nani anaweza kuomba azione? Watu wanaishi kwa uvumi, na uvumi unafanya watu waogope hata kuandikia TEHAMA kwamba wamebonyeza linki mbaya, wanakaa kimya kirusi kinasambaa.

Sisemi msifuatilie, mna haki na mna wajibu. Lakini kuna namna. Mwaka 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kesi ya mfanyakazi wa chuo cha umma kule Wales ambaye simu, imeili na matumizi yake ya intaneti vilikuwa vinafuatiliwa bila kuonywa, mahakama ikasema faragha yake ilivunjwa. Upande wa pili, mwaka 2010 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliipa ushindi ofisi ya polisi iliyosoma ujumbe wa askari wake kwenye kifaa cha kazi, na moja ya sababu ni kwamba ukaguzi ulikuwa na lengo la kikazi, ulihusu miezi miwili tu, na ujumbe aliotuma akiwa nje ya zamu ulifutwa kwenye nakala waliyoikagua. Na yule askari alikuwa ameshaambiwa mapema kwamba ofisi inaweza kukagua. Kwahiyo inawezekana kufuatilia na bado mtu akabaki na heshima yake.

5. "Matumizi binafsi ya kiasi".

Hiki kifungu kifupi na mimi nitakuwa mfupi. Kiasi ni kipi? Nikifungua imeili yangu saa ya mapumziko kuangalia matokeo ya mtihani wa mwanangu ni kosa? Mmoja kaitwa kwa hilo, mwingine anaangalia mpira mubashara kwa spika na mkuu anapita anauliza magoli mangapi. Marekani mwaka 1999 baraza la maafisa wakuu wa TEHAMA wa serikali yao lilitoa mwongozo wa mfano unaoeleza matumizi binafsi yanaruhusiwa yakiwa nje ya muda wa kazi, yasizuie kazi, yasiongeze gharama ya maana, na yasiwe ya biashara binafsi wala ya kitu kilichokatazwa. Mistari minne tu mtu anaielewa.

6. Mafunzo. Hakuna. Fomu ya kurasa nyingi, unasaini ukurasa wa mwisho siku ya kwanza kazini katikati ya fomu za benki na bima, basi umefundishwa.

Sasa najua mtakayosema, kwasababu mengine nimeshajibiwa kwa mdomo.

Mtasema hakuna bajeti. Baadhi ya haya kweli yanahitaji hela, kompyuta mpya na leseni ni hela. Lakini kufungua akaunti tatu za ziada kwa watu ambao tayari ni waajiriwa na tayari wako kwenye mfumo wa mishahara ni kazi ya dakika chache ya mtu wa TEHAMA. Kufuta kanuni ya siku 30 haina gharama. Mkubwa kuacha kuomba ripoti WhatsApp haina gharama. Kuandika ukurasa mmoja unaosema tunafuatilia nini haina gharama.

Mtasema mambo ya usalama hayajadiliwi hadharani. Sijaandika hapa jina la mfumo wala anuani ya seva wala paswedi ya mtu, nimeongelea mahusiano ya mwajiri na mtumishi na hayo ni ya kujadiliwa.

Na mtasema mtumishi alisaini. Hili ndo jibu mnalolipenda na ndo linanisumbua usingizi. Naomba mkumbuke yaliyotokea Uingereza Oktoba 2007, mamlaka yao ya kodi ilipopoteza diski mbili zenye taarifa za watu milioni 25, familia zote zilizokuwa zinapokea posho ya watoto, zilizotumwa kwa huduma ya posta ya ndani bila hata kurejistiwa. Mwanzo lawama ilielekezwa kwa mtumishi wa ngazi ya chini kwamba hakufuata taratibu. Uchunguzi ulipokamilika mwaka uliofuata ikaonekana tatizo ni la taasisi nzima, taratibu hazikueleweka, usalama wa taarifa haukuwa kipaumbele cha uongozi, mafunzo hayakutosha. Mwenyekiti wa ile mamlaka alikuwa ameshajiuzulu kabla hata uchunguzi haujaisha. Sasa wangeishia kwa yule mtumishi wa chini wakamfukuza wakafunga jalada, diski za tatu na za nne zingepotea vilevile kwa posta ileile.

Ninachoomba, kwa heshima zote:

Kwanza, kila mtumishi anayegusa mfumo apewe akaunti yake ndani ya siku 30 tangu leo, na kabla ya hapo asiadhibiwe mtu kwa kumbukumbu za akaunti inayojulikana ni ya pamoja. Pili, kanuni iandikwe upya ikiwa na sehemu ya wajibu wa taasisi, kuapdeti, leseni, imeili inayofanya kazi, printa iliyounganishwa, na iwe kwa lugha ambayo mhudumu wa ofisi na mkurugenzi wote wanaielewa. Tatu, itamkwe wazi kwamba agizo la mkubwa la kutuma waraka kwa njia iliyokatazwa ni kosa la aliyeagiza, na mtumishi akikataa agizo hilo alindwe. Nne, tuambiwe kwa maandishi tunafuatiliwaje. Tano, mtu akiripoti mwenyewe kwamba amekosea, amebonyeza kitu au amepoteza laptopu, ashukuriwe kwa kuwahi kusema, adhabu ibaki kwa anayeficha.

Na la sita, ambalo kwangu lingekuwa la kwanza ila nimeona niwaache mlisome mwisho mkiwa mmeelewa yote, ile barua ya onyo itolewe kwenye jalada la yule kijana, na aandikiwe nyingine ya kumsafisha. Amebakiza muda mfupi afikiriwe kupandishwa cheo na kila anayefungua jalada lake ataanza na karatasi hiyo. Na uchunguzi wa nani hasa alituma lile faili uanze upya, kwasababu mpaka sasa hakuna aliyemtafuta, mmempata mwenye jina kwenye akaunti mkaishia hapo, na aliyetuma bado yuko kazini.

Kitabu cha getini cha mwezi ule kimejaa na kimeshawekwa stoo. Mimi ndo nilikipokea, nimekipa namba na najua kiko rafu ya ngapi. Nitakileta siku yoyote mtakayoniita.

Wenu katika utumishi wa umma,

Mtumishi wa masijala